Mshahara ukichelewa, bosi aje aseme mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye viwanda, hoteli, kampuni za ujenzi na maduka makubwa ya hapa Dodoma, hasa wale ambao kila mwaka hukodi ukumbi na kumwita mtaalamu aje kuwapa wafanyakazi wao ari ya kazi. Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kukamua alizeti huku Kizota. Kazi hii naipenda na sina mpango wa kuiacha. Jina langu unalo, naomba ulihifadhi, maana baadhi ya nitakayoyasema yana wenyewe.

Nina moja tu la kuwaambia. Fedha ya mshahara ikikosekana, mwenye mali aje mbele ya watu wake aseme mwenyewe, aseme kabla ya tarehe, na aseme ukweli. Asimtume msimamizi kwenda kudanganya kwa niaba yake.

Hapa Dodoma siku ya mshahara haifichiki. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, mji wote umezoea kuhesabu mwezi kwa mshahara wa Serikali. Ukishatoka, foleni ya ATM inafika barabarani, mawakala wa simu wanaishiwa fedha taslimu mapema, na Soko la Majengo jioni unapita kwa kubanana. Mfanyakazi wa kiwanda naye yumo kwenye daladala hiyohiyo, anaona. Anarudi Nkuhungu au Chang'ombe kwenye chumba ambacho kodi yake imepanda tangu wageni waanze kuingia mjini, na mwenye nyumba hana habari kama wewe unalipwa na Hazina au na mtu mwenye mashine mbili za kukamua. Anataka kodi ya miezi mitatu, basi. Ndiyo maana kwenye kiwanda ambacho hakijalipa, siku za mwisho wa mwezi, saa zile za kupokezana zamu, watu hawana mazungumzo mengine.

Kiwanda nilichokuwa kabla ya hiki sitakitaja. Mwenyewe hakuwa mtu mkorofi. Akiwa na fedha alikuwa mkarimu, na Mei Mosi alichinja, watu wakala wakashiba. Tatizo lilikuja pale alipokuwa hana. Mwisho wa mwezi ukikaribia anapotea. Simu haipatikani mchana kutwa, kisha usiku naletewa sauti yake kwenye WhatsApp: "Dada, wapoze vijana. Waambie benki mtandao unasumbua, kesho kutwa mambo sawa." Wa kwenda getini saa kumi na mbili asubuhi ni mimi, zamu mbili zimekutana, hawa wanatoka wana usingizi, wale wanaingia, wote wananitazama mdomoni.

Sasa, mlinzi wetu alikuwa na shemeji yake anayefanya kazi katika benki hiyohiyo. Kabla ya saa nne kiwanda kizima kilikuwa kimejua kwamba mtandao ni mzima. Hakuna aliyenigombeza. Mzee mmoja wa Bahi, mpakiaji wa siku nyingi, aliniita pembeni akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, wewe hatukudai. Ila usitubebee maneno ya mtu." Tangu hapo hata nikiwaambia jambo la kweli, kwa mfano kwamba mashine ya pili isiwashwe mpaka fundi aje, waliniuliza mara mbili kama ni kweli. Kwenye kiwanda chenye mikanda inayozunguka na umeme mkubwa, msimamizi ambaye neno lake linaulizwa mara mbili ni hatari kwa kila aliyemo ndani. Mwenye kiwanda alidhani amepata siku mbili za kupumua. Alichofanya ni kutumia neno langu kulipia deni lake, na neno hilo hakunirudishia.

Niwaeleze wasiowahi kuingia kwenye kiwanda cha alizeti, maana hapa ndipo hasara ilipo na wengi hawaioni. Mbegu inaingizwa juu. Ndani kuna parafujo nene ya chuma inayoisukuma kupita kwenye kizimba cha vyuma vilivyobanana. Mafuta yanachuruzika chini kwenye vinafasi vya vyuma hivyo, mashudu yanatokea mbele yakiwa vipande vipande, bado ya moto. Kijana anayeijua mashine haangalii saa. Anaokota kipande cha mashudu anakivunja kwa vidole. Kikikatika kikavu, vidole navyo vikabaki karibu vikavu, anaendelea. Kikipinda na kuacha mafuta vidoleni, anajua kwamba mafuta yanatoka nje pamoja na mashudu, na gunia la mashudu linauzwa kwa bei ya chakula cha mifugo, hata kama lina mafuta ndani. Basi anakaza nati, au anasimamisha aangalie kama mbegu imeingia na unyevu. Anasikiliza pia. Alizeti yetu nyingi hupigwa na kuanikwa chini, inakuja na mchanga. Mchanga ukipita kwenye chekeche ukafika ndani, mlio wa mashine unabadilika, unakwaruza. Mtu akiupuuza, parafujo inalika, na kuijaza kwa kuichomelea upya ni gharama, tena mashine imesimama katikati ya msimu.

Hakuna kamera wala karatasi ya kusaini inayoweza kumlazimisha mtu avunje kile kipande cha mashudu saa nane ya usiku, mwezi wa saba, baridi ya Dodoma na upepo vinapita chini ya bati. Anakivunja kwa kupenda kwake, kwa sababu kazi anaiona ni yake. Hiyo ndiyo ari ya kazi ninayoifahamu mimi. Katika miezi ile ya danadana sikuona mtu akigoma. Walikuja kwa wakati, walisaini, mashine zilizunguka. Mashudu tu ndiyo hayakuvunjwa. Wafugaji waliokuwa wakinunua mashudu kwetu walianza kutusifu: siku hizi ya kwenu yana mafuta, ng'ombe wanayagombania. Mwenye kiwanda alipoona mafuta yamepungua kwa kila gunia la mbegu, aliwalaumu wakulima wa Mpwapwa kwamba wamemuuzia mbegu mbovu.

Wapo watakaosema mshahara hata ukichelewa si unalipwa wote? Mwenye mshahara wa mwezi hana akiba ya kusubiria. Wiki ya kwanza anakula kwa daftari la Mangi, mwenye duka la mtaani. Daftari likijaa, anaingia kwenye ile mikopo ambayo mitaani tunaiita kausha damu, ambayo rejesho lake ni la kila siku au kila wiki, na mkopeshaji anaondoka na kadi yako ya benki. Nimeshuhudia kijana analipwa mshahara wake wote wa mwezi, kamili, bila makato ya ziada, na jioni yake ananiomba nauli. Fedha ilipoingia kadi ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Kwa hiyo mwajiri aliyechelewesha wiki tatu kisha akalipa yote, kwa hesabu za mfanyakazi amelipa pungufu, na ule upungufu umekwenda kwa mkopeshaji.

Sheria haikuliacha jambo hili hewani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 27, inamtaka mwajiri alipe siku ya malipo waliyokubaliana, tena wakati wa kazi, na ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kiasi alicholipwa, makato na sababu za makato hayo. Kifungu cha 28 kinasema ni wakati gani mwajiri anaweza kukata mshahara kwa ajili ya hasara: iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo, aandikiwe sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujibu, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Ninakitaja kifungu hiki kwa sababu kule nilikotoka pipa moja la mafuta lilipoonekana pungufu, zamu nzima ilikatwa. Hakuna aliyeandikiwa, hakuna aliyeulizwa. Dereva aliyelipakia hakuguswa, alikuwa mpwa wa mwenye kiwanda. Watu walinyamaza, lakini kuanzia hapo kila mtu alichunga kipande chake tu. Pipa likivuja mbele ya mtu wa zamu nyingine, anapita.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri abandike haki za wafanyakazi mahali pa wazi wazione. Nimepita ofisi nyingi za Kizota na mjini kati. Nimekuta kalenda, leseni ya biashara, na picha ya mwenye kampuni akipeana mkono na kiongozi. Haki za wafanyakazi nimezikuta mara chache mno.

Katika mwaka huohuo wa danadana tulifanyiwa semina ya ari ya kazi. Ukumbi mzuri, fulana, chai ya saa nne yenye sambusa. Mwezeshaji namheshimu, anajua kuzungumza na hakuwa na kosa lolote. Alitusimulia habari za Henry Ford, mtengeneza magari wa Marekani, kwamba alikuwa na maono na aliwapenda wafanyakazi wake. Nilipofika nyumbani nilitafuta habari zake nisome vizuri. Mwaka 1913 kiwanda cha Ford kililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 ili kubaki na wafanyakazi kama 14,000 tu, kwa sababu watu walikuwa wanaingia na kutoka. Kazi ya mkanda ilikuwa ya kuchosha na hawakuona sababu ya kubaki. Januari 1914 akatangaza malipo ya dola 5 kwa siku, wakati kabla ya hapo yalikuwa dola 2 na senti kadhaa, na saa za kazi akazipunguza kutoka 9 hadi 8. Alikuwa na masharti yake pia, ya kuwachunguza wafanyakazi hadi majumbani mwao, na hayo sitaki mtu wa Dodoma ayaige. Ila hesabu aliielewa: mtu anayeondoka anaondoka na gharama ya kumfundisha mwingine. Kwetu kijana wa mashine anahitaji msimu mzima mpaka asikie ule mlio wa mchanga. Kule nilikotoka vijana wa namna hiyo waliondoka karibu wote, mmoja mmoja, kimya kimya, wengi wakaenda kwenye ujenzi kule Mtumba.

Wenye mali wengi wakifika hapa husema: sawa, lakini sina uwezo wa Ford. Nawaelewa. Na ni kweli fedha peke yake haileti ari. Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walieleza mwaka 1959 kwamba mshahara na mazingira ya kazi vikiwa vibaya vinamchukiza mtu, lakini kinachomsukuma kufanya kazi vizuri ni mambo kama kutambuliwa, kukabidhiwa wajibu na kuona anapiga hatua. Nimeyaona hayo kwa macho. Lakini tazameni mpangilio wake. Cheti cha mfanyakazi bora ukimpa mtu ambaye hujamlipa, anakikunja anaweka mfukoni, na wenzake wanamuuliza kama Mangi atakipokea.

Nilipo sasa mwenye kiwanda ni mwanamke, sisi tunamwita Mama tu. Mshahara wake hauzidi wa kule. Alianza na mashine moja ndogo ya kukamulia nyuma ya nyumba. Msimu wa 2023 bei ya alizeti iliporomoka, wakulima wa Singida na Dodoma wakalia, na mafuta ya kutoka nje yakajaa sokoni. Wanunuzi wake wa Dar es Salaam walichukua mzigo kwa mkopo wakakaa nao. Siku ya kulipana kwetu ni tarehe 28. Wiki moja kabla alikuja asubuhi ya kupokezana zamu, akasimama pale kwenye mizani ya magunia, daftari mkononi. Alisema: mafuta nimeuza, fedha sijapewa. Benki nina kiasi hiki, akakitaja mbele ya wote. Umeme unataka hiki, deni la mbegu hiki. Ninachoweza ni nusu tarehe 28 na nusu nyingine tarehe 12. Wapakiaji na wa mshahara wa chini watapata yote tarehe 28. Mimi na mwanangu anayeshika hesabu hatuchukui kitu mpaka ninyi mmalize. Najua nakiuka makubaliano yetu, ndiyo maana nimekuja kuomba, sijaja kutangaza. Mwenye tatizo na mwenye nyumba wake aje ofisini, nitampigia mimi.

Waliuliza maswali makali. Kijana mmoja alimuuliza waziwazi kwa nini asiuze gari. Hakununa. Alimjibu kwamba gari bado ni la benki, na akamwambia bei aliyolinunulia na kilichobaki. Mwanamke mmoja wa kufungasha chupa akauliza je, tarehe 12 wanunuzi wakiwa bado hawajalipa? Mama akanyamaza kidogo, akasema atauza mbegu iliyoko ghalani hata kwa hasara. Halafu akatuachia karatasi iliyoandikwa tarehe zote mbili na sahihi yake, tukaibandika ukutani juu ya kitabu cha mahudhurio. Kodi za watu kadhaa alizizungumza kwa simu siku hiyohiyo, nami nilikuwepo, na wenye nyumba walikubali. Mwenye nyumba naye ni mtu, akipigiwa na mwajiri mwenyewe anasikia.

Tarehe 12 fedha iliingia. Katika wiki zile mbili usiku nilikuta mashudu yaliyovunjwa pembeni ya kila mashine. Hakuna aliyeondoka msimu ule. Nami sikulazimika kusimama getini kusema neno ambalo silo.

Sijaandika hili kumpamba. Ana yake. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, sheria inataka iongezewe angalau asilimia 5 ya malipo kwa kila saa, na sisi hatukuipata mpaka tulipoidai. Barakoa za vumbi za kule kwenye chekeche bado ni za kubembeleza. Nilimweleza kwamba naandika barua hii na kwamba haya nitayataja. Aliniambia niyataje.

Wenye mali wanaoogopa kufanya alivyofanya yeye huwa na hofu moja: bosi akionekana hana fedha atadharauliwa. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Dodoma na alikuwa na jibu lake kwa hilo. Alipenda kutukumbusha Mwongozo wa TANU wa 1971, uliowakataza viongozi majivuno na dharau kwa wanaowaongoza. Mwaka mmoja kabla yake, Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 ulikuwa umeanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili hesabu za shirika zizungumzwe na wanaolitumikia. Najua yaliyofuata. Kulikuwa na migomo, na mahali pengine wafanyakazi waliwafungia mameneja nje mpaka Serikali ikaingilia. Sitaki turudi huko. Lakini lile la kuwaeleza watu hesabu halikuwa kosa. Watumishi wa umma bado wanalo. Kila mwaka kumbi za Dodoma zinajaa mabango ya vikao vya Baraza la Wafanyakazi wa wizara hii na taasisi ile, bajeti inasomwa, maswali yanaulizwa. Umbali wa kutoka ukumbi huo hadi Kizota ni safari fupi ya bodaboda, na huku kuna mtu ambaye miaka yote hajawahi kuambiwa kiwanda anachokitumikia kiliuza nini mwezi uliopita.

Jambo jingine fupi, ambalo wenye mali hulichanganya na ukosefu wa fedha wakati ni jambo tofauti kabisa. Mchango wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10 katika hiyo. Ile sehemu aliyokatwa mfanyakazi tayari ni yake, imeshatoka kwenye jasho lake. Dada mmoja wa kule nilikotoka alikwenda kufuatilia mafao ya uzazi akiwa na kichanga mgongoni, akakuta michango ya miezi mingi haikupelekwa, ingawa kwenye mshahara ilikatwa kila mwezi. Fedha hiyo ilinunua mbegu. Hakuna maelezo ya msimu mbaya yanayohalalisha hilo, na hata ukija kwenye mizani na daftari ukasema ukweli, sidhani kama mtu atakuelewa. Nawaomba wafanyakazi wenzangu muwe mnaangalia michango yenu mapema, ofisi za mfuko zipo na siku hizi hata kwa simu inawezekana. Msingoje mpaka muwe na shida.

Kwa wasimamizi wenzangu wa viwandani, mahotelini na kwenye saiti: mkitumwa kupeleka maneno msiyoyaamini, mwombeni bosi aje mwenyewe, au awaandikie kwa sahihi yake mbandike. Mimi kule nilikotoka nilifanya hivyo mwishoni, nikaambiwa sina uzalendo na kampuni. Muda mfupi baadaye nikaondoka. Yaliyo ya kuachishwa kazi yana muda wake kisheria: kuyapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni ndani ya siku 30, na madai mengine ni siku 60. Wengi wanachelewa kwa kubembelezwa kwamba "mambo yatakaa sawa", siku zinapita.

Kwa wenye viwanda vya alizeti, msimu uko karibu. Kabla hamjanunua gunia la kwanza, andikeni tarehe ya mshahara ukutani, na wekeni kando fedha ya walau mwezi mmoja wa watu kabla ya kuingiza yote kwenye mbegu. Najua mbegu hununuliwa kwa taslimu katika miezi michache na mafuta huuzwa kwa mkopo mwaka mzima, na hapo ndipo mnapokwama. Basi semeni mnapokwama. Wafanyakazi wa Kizota wanaona magari yanavyoingia na kutoka, wanajua mzigo uliopo ghalani kuliko mhasibu wenu. Mkiwaficha, wanakisia, na wanachokisia huwa kibaya kuliko ukweli.

Na kwa maafisa kazi wa mkoa wetu: ukaguzi mwingi nilioushuhudia hufanyika mchana, ofisini, juu ya mafaili. Njooni mwezi wa saba, saa nane usiku, mashine zote zikiwa zinazunguka. Msianzie kwa msimamizi. Waulizeni wapakiaji wa magunia mara ya mwisho walilipwa lini, na nani aliwaambia kwa nini imechelewa.

Wako,
Msimamizi wa zamu,
Kizota, Dodoma.